Umejuaje? Kuamini, kujua na kutumaini siku nchi inapokuwa na wasiwasi

Shangazi yangu anauza dagaa kwenye soko la Mwaloni, kule Kirumba jijini Mwanza, na miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona akiachia gunia kirahisi. Bei yake ya kwanza ni ya kukutisha, ya pili ni ya kukupima, ya tatu ndiyo bei. Lakini siku zile za uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, intaneti ilipozimika na simu zetu janja zikabaki kuwa tochi, aliuza magunia manne kwa bei aliyotajiwa na mchuuzi mwenzake. Hakusema hata "ongeza kidogo, baba". Kisa, kijana wa bodaboda alikuwa amepita akieleza kwamba kuanzia wiki inayofuata soko linafungwa mwezi mzima na hakuna mtumbwi utakaoruhusiwa kushusha.

Mwezi mzima huo haukuja. Mitumbwi ikarudi kushusha, na yule mchuuzi akawa anauza magunia yaleyale hatua chache tu kutoka kwenye kibanda cha shangazi, bado yakiwa na kamba alizozifunga yeye kwa mkono wake.

Nilimuuliza: "Shangazi, ulijuaje kwamba soko linafungwa?"

"Mwanangu, nani alikuwa hajui? Kila mtu alikuwa anasema."

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa sababu ni jibu la wengi wetu. Tangu siku zile, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye daladala za Igoma na Buhongwa, hata misibani, mazungumzo ya siasa yakianza hayachelewi kuingia kwenye maswali matatu yaliyofungwa fundo moja: nimwamini nani, ukweli ni upi, na je, kuna cha kutumaini? Watu wanayajibu kwa mkupuo kana kwamba ni swali moja. Anayemchukia kiongozi fulani anaamini kila baya linalosemwa juu yake, kisha anahitimisha kwamba hakuna matumaini. Anayempenda anafanya vilevile kwa upande wa pili. Hapa nataka kulifungua fundo hilo. Kura yako ni yako.

Tuanze na maneno

Kiswahili kina maneno mengi ya habari isiyo na uhakika, nasi tunayatumia kama ndugu mapacha wakati kila moja lina kazi yake. Fununu ni harufu: umehisi kitu jikoni, chungu hujakiona. Tetesi ni fununu iliyopata mdomo, inayosemwa kwa sauti ya chini kati ya watu wachache. Uvumi unatokana na kuvuma, kama unavyovuma upepo au ngoma: habari imeenea kotekote na haina mwenyewe. Uzushi ni kitu kilichozuliwa, yaani kuna mtu alikaa akakitunga huku akijua si kweli.

Angalia vizuri: katika maneno hayo manne, ni uzushi peke yake unaosema habari ni ya uongo. Uvumi hausemi hivyo. Kwa hiyo mkubwa fulani akitangaza "huo ni uvumi tu, upuuzeni", bado hajakanusha kitu. Amesema tu kwamba habari imeenea, jambo ambalo tulishalijua, vinginevyo asingetoka kutangaza. Na wewe ukimjibu jirani yako "huo si uvumi, huo ni ukweli", umekosea kwa namna hiyohiyo, kwa sababu habari moja inaweza kuwa uvumi leo na ikathibitika kesho.

Sasa upande wa kuamini. Amini, imani, uaminifu, amana na hata amani ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Mimi hapo napenda kuanzia kwenye amana. Amana ni kitu unachomwachia mtu akutunzie, ukijua kwamba ni chako na siku moja utarudi kukidai. Ukiiona imani yako kwa kiongozi, mchungaji, shehe, mwandishi wa habari au mwanaharakati kama amana, basi swali la kuuliza ni moja: nikirudi kudai, nitasikilizwa? Kama anaongea vizuri au ni wa kwetu, hilo ni jambo jingine.

Kuna jozi nyingine ya maneno ambayo siasa zetu zimeivuruga: kuaminiwa na kuaminika. Kuaminiwa ni kile ambacho watu wanakupa. Kuaminika ni sifa yako mwenyewe, kwamba unafaa kupewa. Tapeli hodari anaaminiwa sana na haaminiki hata kidogo. Bila kuaminiwa asingepata hata senti. Kinyume chake yupo pia: nesi wa zahanati anayesema kweli kuhusu chanjo wakati kijiji kizima kimemgeuzia mgongo. Huyo anaaminika lakini haaminiwi. Ukisikia hotuba inayosema "wananchi waongeze imani kwa taasisi zao", jua kwamba mzigo wa kuaminika umehamishwa kutoka kwa anayepaswa kuubeba ukatwikwa msikilizaji.

Halafu kuna kujua. Watu wengi hudhani kujua na kuamini ni maadui: mjinga huamini, msomi hujua. Lakini jiulize umejuaje tarehe yako ya kuzaliwa. Ulikuwepo, ndiyo, ila hukuwa na kalenda. Uliambiwa na mama, na mama ana kadi ya kliniki, na kadi iliandikwa na mtu ambaye hutamjua kamwe. Karibu kila tunachokijua kimetufikia namna hiyo, mkono kwa mkono, kama ndoo za maji kwenye mstari wa watu wanaozima moto. Imani ndiyo ile mikono. Ndiyo maana watu wanapoacha kuaminiana, ujinga huongezeka hata kama shule zipo na simu zinafanya kazi.

Hesabu ya kuzidisha

Mwaka 1947 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walieleza nguvu ya uvumi kwa hesabu fupi: chukua umuhimu wa jambo, zidisha kwa utata wake. Zingatia kwamba ni kuzidisha, si kujumlisha. Kitu kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Matokeo ya mechi ya watani wa jadi ni muhimu hadi watu wanalala njaa, lakini filimbi ya mwisho ikishalia hakuna utata, kwa hiyo hakuna uvumi wa nani kashinda. Idadi ya mawe yaliyoko kwenye vilima vya Mwanza ina utata wa kutosha, hakuna anayeijua, lakini haimkoseshi mtu usingizi, nayo haivumi. Sasa chukua uchaguzi, risasi, mtoto aliyeko chuoni na hajapiga simu. Umuhimu uko juu kabisa. Hapo ukifunga njia za habari, umeongeza namba ya pili. Mwenye mamlaka anaweza kudhani amezima uvumi. Kwa hesabu hii amezima vile vyombo ambavyo vingeupima, na uvumi wenyewe ukapanda pikipiki. Shangazi hakudanganywa na mtandao. Mtandao haukuwepo.

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tuna mfano ambao hatujausahau. Rais John Magufuli, mwana wa Chato, alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari 2021. Siku zikapita kimya. Uvumi ukasema anaumwa, ukasema yuko Nairobi, ukasema yuko India. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu alisema hadharani kwamba Rais yupo na anachapa kazi. Tarehe 17 Machi Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alitangaza kwamba Rais amefariki katika hospitali jijini Dar es Salaam. Wiki moja baadaye, tarehe 24, tulijaa kwenye uwanja wa CCM Kirumba kumuaga.

Kutokana na siku zile watu wengi walihitimisha kwamba wahenga wamepatia: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimelisikia hilo mara nyingi sana, na nadhani ndiyo dhana potofu iliyotugharimu kuliko zote. Tazama tena yaliyovuma. Kwamba anaumwa, lilikuwepo. Nairobi na India je? Kwa tangazo lile la tarehe 17, alifia Dar es Salaam. Uvumi ule ulikuwa kama gunia lililochanganywa, mchele na chenga na mawe, na sisi baada ya kukuta mchele juu tukalisifia gunia zima. Isitoshe, methali hiyo imejikinga pande zote: lisipokuwepo, basi laja, na lisipokuja bado unaambiwa subiri. Neno lisiloweza kukosea haliwezi kukufundisha kitu. Wahenga haohao walisema kusikia si kuona, ila hiyo haina utamu kijiweni.

Bambo

Kama umekulia karibu na ghala la nafaka unakijua kifaa kinachoitwa bambo. Ni chuma chembamba kilichokunjwa kama mrija, upande mmoja kina ncha, upande wa pili kina tundu. Baba yangu mdogo alikuwa nalo alipokuwa ananunua mahindi na maharage kwa jumla. Alilichomeka kwenye gunia bila kulifungua, likaingia na mkwaruzo mdogo, punje zikateremka kwenye mrija hadi kiganjani kwake. Alizipuliza, akazitazama juani, akaitafuna moja. Kisha akachoma katikati. Kisha chini kabisa, karibu na mshono, ambako watu wenye akili mbaya huficha mahindi yenye uvundo na kokoto.

Jambo ambalo nilichelewa kulielewa ni hili. Kwenye shehena ya magunia 40 alichoma labda matano. Nilimwuliza kwa nini hachomi yote, akanicheka. Jioni ingemkuta hapo. Matano yalitosha kwa sababu muuzaji hakujua ni yapi yatachomwa. Hiyo ndiyo siri ya kuamini kwa akili. Huhitaji kukagua kila kitu. Unahitaji kwamba kila kitu kiweze kukaguliwa, na anayeuza ajue hivyo. Na muuzaji aliyekataa bambo, akaanza kuapa kwa jina la Mungu na kulalamika kwamba hatumheshimu, baba mdogo hakubishana naye. Aliona kwamba kukataa kwake ndiko jibu.

Hapa kuna dhana nyingine ya kuiondoa, kwamba kuhoji ni kukosa imani, au ni uchochezi. Nenda kwenye kikundi chochote cha VICOBA, cha akina mama wanaoweka akiba na kukopeshana, iwe Nyakato au Sengerema, uangalie sanduku lao. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mweka hazina hajawahi kuzira kwa sababu ya kufuli hizo. Anazipenda, maana siku hesabu ikipungua zitamwokoa yeye kwanza. Hakuna anayesema kikundi hicho hakina umoja. Nashindwa kuelewa kwa nini kitu tunachokikubali kwa sanduku la laki mbili kinageuka matusi tukikiomba kwa sanduku la kura au la kodi.

Basi uvumi nao unapigwa bambo vipi? Juu kabisa, uliza nani kasema, na uendelee kuuliza hadi upate mtu mwenye jina, kwa sababu watu kumi waliosikia kwa mtu mmoja bado ni mtu mmoja. Hili ndilo lililomponza shangazi. "Kila mtu alikuwa anasema" lilisikika kama mashahidi 100, kumbe ni bodaboda mmoja na mwangwi wake. Akili zetu zina udhaifu huo, na wanasaikolojia wameupima tangu 1977: jambo likirudiwarudiwa masikioni huanza kuonekana la kweli, hata kama aliyelirudia ni yuleyule.

Katikati, uliza huyo mtu alijuaje. Aliona kwa macho, alisoma tangazo, au alikisia?

Chini, karibu na mshono, kuna swali ambalo mimi nalithamini kuliko yote: kama hili lingekuwa kweli, ni kitu gani kingine ningekiona? Nilimpigia shangazi swali hilo miezi ilipopita. Kama soko lilikuwa linafungwa mwezi mzima, kwa nini mchuuzi wa palepale, asiye na soko lingine, alikuwa ananunua magunia manne kwa haraka? Alinyamaza. Akaendelea kukung'uta mchanga kwenye turubai. Halafu akasema, "Kumbe alikuwa ananiambia na mimi sikumsikia."

Kuhusu picha nitasema kwa kifupi. Watu husema picha haidanganyi, na mara nyingi ni kweli. Yanayodanganya ni maneno yaliyobandikwa chini yake. Picha ya mwaka mwingine, ya nchi nyingine, ikipewa tarehe ya leo, inakuwa uzushi wenye ushahidi. Siku hizi akili mnemba inaweza pia kuigiza sauti ya mtu unayemfahamu. Ujumbe wa WhatsApp wenye vimishale viwili umesafiri mikononi mwa wengi kabla yako, na safari ndefu haijawahi kuwa uthibitisho. Papa huvuma baharini na wengine wamo.

Orodha ya abiria

Hadi hapa nimemzungumzia msikilizaji kana kwamba lawama yote ni yake. Sivyo. Kuna mambo ambayo hata ukiwa na bambo la dhahabu huwezi kuyajua, kwa sababu aliyepaswa kuyaandika hakuyaandika.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa imeikaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443. Daraja la tatu, la wenye kipato kidogo, halikuwa na orodha. Idadi ya waliokufa inayotajwa sana ni 894, lakini utasikia zaidi ya hiyo na utasikia pungufu, na kwenye makaburi ya Igoma wamelazwa watu ambao hatutawajua majina. Miongoni mwa waliozama alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, mtu mkubwa katika kundi la Al-Qaeda, na wenzake walilazimika kuja Mwanza kuchunguza kama kweli amekufa. Magaidi na bibi wa Kamachumu aliyempoteza mjukuu walikuwa na tatizo moja: hakukuwa na karatasi ya kutazama.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu kabisa na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Jumlisha mwenyewe.

Orodha ya abiria huandikwa bandarini, maji yakiwa shwari, wakati inaonekana ni usumbufu tu wa kuchelewesha safari. Haiwezi kuandikwa meli ikishalala ubavu. Na ukweli wa jambo la umma uko hivyohivyo. Daftari la wapigakura, fomu za matokeo zilizobandikwa ukutani kituoni, kumbukumbu za polisi za nani amekamatwa, kitabu cha chumba cha maiti: hizo ndizo orodha zetu. Zikiwa zimeandikwa vizuri na kila mtu anaweza kuzitazama, uvumi unakosa utata wa kuzidisha. Zikikosekana au zikafungiwa kabatini, namba zitatungwa, na zitatungwa na kila upande kwa kadiri ya hasira yake. Idadi ya waliopoteza maisha kwenye vurugu za uchaguzi wa 2025 imetajwa kwa namba zinazopishana mno kutegemea nani anazungumza, na Novemba mwaka huohuo Rais aliunda tume ya uchunguzi. Tume ni kazi ya baada ya kuzama. Ina umuhimu wake, sitaibeza, lakini mwenye kuijua MV Bukoba anajua kwamba baadhi ya maswali hujibiwa kabla ya safari au hayajibiwi kabisa.

Imani ikihama

Watu husema siku hizi imani imekwisha. Ninavyoona mimi, imani haiishi. Inahama, kama mpangaji aliyechoshwa na mwenye nyumba, na mara nyingine inahamia pabaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukazidi Usukumani na Unyamwezini. Watu waliona polisi na mahakama haviwasaidii. Wakajiundia sungusungu: vijana wa kijiji, pinde na mishale, filimbi, na kiapo. Wizi ulipungua kweli na wengi wakawasifu. Lakini ulinzi ule haukuwa na bambo. Hakuna aliyeweza kukata rufaa dhidi ya neno la jeshi hilo la jadi, na katika baadhi ya sehemu mikono iliyowasaka wezi iligeuka kuwasaka wachawi.

Nani hasa aliitwa mchawi? Mara nyingi bibi kizee mwenye macho mekundu. Kila aliyepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka 40 anajua macho hayo yametoka wapi. Ni moshi. Ila kijijini kulikuwa na vifo vya watoto visivyoelezwa, jambo lenye umuhimu wa mwisho na utata wa mwisho, na kulikuwa na kisa kilichokwisha kurudiwa hadi kikaonekana cha kweli. Bibi wa watu akakatwa mapanga. Nimeweka mfano huu hapa kwa yule anayedhani uvumi ni umbea wa kupitishia muda.

Na kuna mhamo mwingine, wa kisasa zaidi, wa mtu anayetangaza "mimi siamini mtu yeyote, wote waongo". Anajiona mjanja. Mfuatilie siku mbili. Haamini redio, haamini gazeti, haamini daktari, haamini mbunge, halafu jioni anakutumia ujumbe wa sauti wa mtu asiye na jina kuhusu njama ya dunia nzima, akisema "sikiliza hii". Amevunja mizani yote kwa madai kwamba mizani hudanganya, na sasa ananunua kwa kukadiria mzigo kwa macho. Kwa mtawala asiyetaka kuhojiwa, raia wa aina hii hana usumbufu wowote, kwa sababu anayeamini kwamba wote ni waongo sawasawa hatafuti mkweli zaidi.

Giza la mwezi

Limebaki tumaini, ambalo watu hulichanganya na matarajio. Nikisema natarajia mvua kesho, nimepiga hesabu: nimeona mawingu, nimesikia utabiri. Matarajio yanaweza kuwa mabaya. Natarajia foleni, natarajia kushindwa. Tumaini halipigi hesabu ya namna hiyo. Ni kuendelea kufanya linalopaswa kufanywa wakati hesabu haijakaa vizuri. Kwa hiyo mtu anaweza kusema bila kujipinga kwamba hatarajii mabadiliko makubwa mwaka huu, na bado ana tumaini. Na anayekuambia kwamba ukitumaini unajidanganya, anadhani umetabiri.

Wavuvi wa dagaa hulijua hili bila kulipa jina. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, na taa huwavuta dagaa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga na taa ya mvuvi haina maana. Siku hizo mitumbwi hupandishwa ufukweni. Ukipita visiwani utawakuta wamekaa kivulini wanashona nyavu, wanaziba mtumbwi kwa pamba na lami, wanadaiana. Hakuna anayefurahia, fedha haziingii. Lakini hakuna anayeuza nyavu.

Mfano wangu unapungukiwa mahali pamoja na ni haki niseme: mwezi una kalenda, siasa haina. Mvuvi anajua giza litarudi baada ya siku ngapi. Sisi hatujui. Pengine ndiyo maana tumaini la raia ni gumu zaidi, na linahitaji vitu vidogo vya kushika: kwenda mkutano wa mtaa siku mapato na matumizi yanaposomwa, hata mkiwa watu 15, kumwambia rafiki wa chama kingine "hili mlipatia", kurudi kwenye kundi la WhatsApp na kuandika "nilichotuma jana hakikuwa kweli, nisameheni". Hilo la mwisho nimelifanya mara moja. Liliniuma kuliko nilivyodhani.

Juzi nilipita Mwaloni. Shangazi alikuwa na daftari lake la madeni mapajani, kurasa zimekunjamana kwa unyevu na zina magamba ya dagaa katikati. Kuna mama mmoja wa Nansio ameandikwa humo tangu kabla ya uchaguzi, magunia matatu, jina, tarehe, na namba ya simu ya jirani yake pembeni.

"Huyu atalipa kweli, shangazi?"

"Mwezi bado mkubwa. Giza likiingia wiki ijayo atakuwa na kitu. Nitampigia."

"Na asipopokea?"

"Nitampigia jirani. Kwao napajua, nimelala pale." Akalifunga daftari, akalizungushia kamba ya gunia mara mbili, akamgeukia mteja aliyekuwa amesimama muda wote akiwapima dagaa kiganjani, akamtajia bei ya kwanza.